Mashine pepe za bure: nani anazijaribu kwenye seva kama zetu?

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wakuu wa vitengo vya TEHAMA, walimu wa vyuo na mafundi wenzetu wanaotunza seva.

Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Tangu hapo taasisi nyingi, za hapa kwetu na za kwingineko, zimehamishia mashine zao pepe kwenye programu huria: Proxmox VE, XCP-ng, au KVM yenyewe juu ya Linux ya kawaida. Uhamaji huo tunauunga mkono bila kusita. Ila kuna mzigo mmoja ambao wengi wameusahau njiani. Aliyelipa leseni alikuwa akilipia pia kazi ya kujaribu kila toleo kabla halijamfikia. Kwenye programu huria sehemu kubwa ya kazi hiyo wanaifanya watumiaji wenyewe, wiki chache kabla ya toleo kutoka. Usipojaribu wewe, unategemea kwamba mahali fulani yuko mwenye seva kama yako aliyekujaribia. Kwa seva tulizonazo huku, tusimtegemee sana mtu huyo.

Kwa msomaji asiye wa fani: mashine pepe ni kompyuta kamili inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kwa nguvu ya programu. Seva moja inaweza kubeba mashine pepe kumi, moja ya mishahara, moja ya barua pepe, moja ya tovuti. KVM ni sehemu ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, tangu toleo 2.6.20 la Februari 2007, na ndiyo inayoiachia mashine pepe itumie prosesa moja kwa moja. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ndiyo inayoigiza diski, kadi ya mtandao na vifaa vingine. Proxmox VE, inayotengenezwa Vienna, imejengwa juu ya hizi mbili. XCP-ng ina msingi mwingine, Xen, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Barua hii inahusu zaidi QEMU na KVM, kwa kuwa ukizijaribu hizo umewasaidia wote waliojenga juu yake.

QEMU hutoa matoleo matatu kwa mwaka, kwa kawaida Aprili, Agosti na Desemba. Toleo 10.0 lilitoka Aprili 2025, na 10.1 Agosti mwaka huo huo. Karibu mwezi mmoja kabla, mlango wa mambo mapya hufungwa, yakabaki marekebisho ya hitilafu tu. Ndipo yanapotoka matoleo ya majaribio, rc0, rc1, rc2 na kuendelea, takriban moja kila wiki. Dirisha la kujaribu ndilo hilo. Hitilafu ikiripotiwa rc1 hurekebishwa kabla ya toleo. Ikiripotiwa baada ya toleo, itakuwa imeshaingia kwenye seva za watu. Usishangae ukiuliza programu namba yake nayo ikajibu 9.2.91: hiyo ni rc1 ya 10.0. Namba ya mwisho huanzia 90 kwa rc0, ikaongezeka moja kwa kila rc.

Kila badiliko linaloingia QEMU hupitia majaribio ya kujiendesha, na ni majaribio mazuri. Hayawezi hata hivyo kujua betri ya kadi ya RAID (kadi inayounganisha diski kadhaa) iliyokufa miaka minne iliyopita inafanya nini umeme unapokatika. Hayana kila aina ya bodi wala kila mchanganyiko wa kazi. Mfano tunaoutaja kila mara ni wa mwaka 2023, pale watumiaji wa Proxmox VE 8 yenye kerneli 6.2 walipoona mashine pepe za Windows Server 2019 zikiganda huku prosesa ikionyesha asilimia 100. Kwa wengine kila kitu kilikuwa salama. Watumiaji walipolinganisha vifaa vyao picha ikaanza kujitokeza: walioathirika walikuwa na seva za soketi mbili za prosesa, na wamewasha KSM, utaratibu wa kerneli unaounganisha kurasa za RAM zinazofanana. Ukizima KSM, tatizo linapoa. Kiini kilikuwa kwenye jinsi kerneli inavyohamisha kumbukumbu kutoka soketi moja kwenda nyingine wakati KVM inaihitaji kumbukumbu hiyo hiyo, na marekebisho yalipatikana mapema 2024. Aliyejaribu kwenye kompyuta ya soketi moja asingeliona tatizo hilo hata angekesha mwezi mzima.

Sasa tazama kilichopo kwenye vyumba vya seva vya mikoani kwetu: Dell PowerEdge R720 na R730, HP ProLiant DL380 za kizazi cha nane na cha tisa, nyingi zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika. Karibu zote ni za soketi mbili. Ndiyo maana tunasisitiza.

Jinsi ya kuanza. Tafuta seva moja isiyobeba kazi ya ofisi. Prosesa yoyote yenye VT-x (Intel) au AMD-V (AMD), uwezo wa kubeba mashine pepe, inatosha. RAM GB 16 na diski tupu ya GB 200 ni vya kutosha kabisa. Kwanza iachie memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha. RAM mbovu huzaa makosa yanayofanana kabisa na hitilafu za programu, na utampotezea muda mtu wa Ulaya au Marekani anayejitolea kukusaidia. Kisha ingia BIOS uwashe VT-x, kwa sababu seva nyingi za mtumba huja ikiwa imezimwa. Ukishawasha Linux, angalia kama faili /dev/kvm ipo. Ikikosekana, QEMU inaweza kuangukia kwenye uigizaji mtupu wa prosesa, ambao ni wa polepole mno, nawe ukaandika ripoti kwamba toleo jipya limekuwa zito. Ili usidanganyike, amuru wazi -accel kvm peke yake. KVM ikikosekana itakataa kuwaka na utajua.

Faili la chanzo la QEMU linazidi megabaiti 100, kwa hiyo lipakue mara moja na mgawane kwa flashi. Anayetaka kufuatilia rc zote ni heri achukue hazina ya git. Mara ya kwanza itakula bando la kutosha, lakini baada ya hapo kila rc huleta tofauti tu, ambazo ni ndogo. Kwenye Debian, washa mistari ya deb-src, kisha apt build-dep qemu italeta vifaa vyote vya ujenzi. Halafu:

./configure --target-list=x86_64-softmmu --prefix=/opt/qemu-rc
make -j4
make check
make install

Usiache kuandika --target-list. Bila hiyo utajenga waigizaji wa prosesa zaidi ya thelathini usiowahitaji, na kazi ya dakika itageuka kuwa ya saa. Na usiache --prefix, maana lengo ni QEMU ya kawaida na ya majaribio zikae pamoja kwenye seva moja bila kugusana. Ukitumia libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, na mashine ikagoma kuwaka ikilalamika juu ya ruhusa, mara nyingi ni AppArmor, ulinzi wa Linux, inayozuia programu iliyo nje ya /usr. Kwa majaribio, iwashe QEMU moja kwa moja kwa amri, uachane na libvirt.

Kanuni moja inatawala kila jaribio: lifanye kwanza kwa toleo la zamani, kisha kwa rc, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Zikishindwa zote mbili, tatizo ni la kifaa chako au la mpangilio wako. Ikishindwa rc peke yake, una ripoti yenye thamani.

Jaribio tunalolipa uzito kuliko yote ni la umeme. Huko maabara umeme haukatiki, huku kwetu unakatika, na swali la mtunza seva ni moja tu: kile mashine pepe ilichoambiwa kimeshaandikwa, je, kipo kweli? Tengeneza mashine pepe ya Debian yenye diski ya qcow2 ya GB 20, RAM GB 2, prosesa mbili. Ingia kwa SSH kutoka kompyuta mpakato inayotumia betri, kisha andika mstari huu:

n=0; while :; do n=$((n+1)); echo $n >> namba.txt; sync; echo $n; done

Mstari huo unaandika namba kwenye diski, unasubiri diski ithibitishe, ndipo namba inatokea kwenye skrini ya kompyuta mpakato. Ziache namba zikimbie dakika tano, kisha chomoa waya wa umeme wa seva. Nyaya zote mbili, maana seva hizi zina pawasapulai mbili na ukichomoa moja haitajali. Kompyuta mpakato itabaki na namba ya mwisho iliyoipokea. Tuseme ni 48,213. Washa seva, washa mashine pepe, soma tail -1 namba.txt. Ukikuta 48,213 au zaidi kidogo, sawa. Ukikuta 48,190, kuna mahali kati ya QEMU, kerneli, kadi ya RAID na diski ambapo mtu kasema "nimeandika" kabla hajaandika. Rudia mara ishirini kwa kila toleo. Kufaulu mara moja hakuthibitishi kitu.

Kuua mchakato wa QEMU kwa kill -9 si mbadala wa kuchomoa waya. Ukiua mchakato, kerneli ya seva inabaki hai na itamaliza kuandika kila kilichokuwa kwenye RAM yake. Umeme ukikatika, kila kilichomo kwenye RAM kimepotea. Ni majaribio mawili tofauti na majibu yake hayalingani.

Katika ripoti taja aina ya kashe (hifadhi ya muda ya data inayosubiri kuandikwa) uliyotumia. Usipochagua, QEMU hutumia writeback, inayopitia RAM ya seva lakini ikitii sync. Aina ya none hukwepa RAM ya seva, ila kashe iliyo ndani ya diski yenyewe inabaki. Aina ya unsafe hupuuza sync kabisa, kwa hiyo namba zikipotea ukiwa nayo usiripoti: ndivyo ilivyokusudiwa. Taja pia hali ya betri ya kadi ya RAID. Betri ikifa, kadi nyingi hurudi zenyewe kwenye uandishi wa moja kwa moja, nawe utaona spidi imeshuka. Lakini kuna aliyekerwa na spidi hiyo akailazimisha kadi iendelee kutumia kashe bila betri. Seva ya hivyo hupoteza data kwa toleo lolote la QEMU.

Baada ya kila mkatiko, kabla ya kuwasha mashine pepe, pima faili la diski kwa qemu-img check. Ikikuambia kuna leaked clusters, usihofu, ni nafasi iliyopotea na data haijadhurika. Ikitoa mstari unaoanza na ERROR, simama hapo hapo. Usikimbilie kurekebisha kwa -r all, maana utafuta ushahidi. Nakili faili kwanza.

Jaribio la pili ni la kuhama kutoka toleo la zamani kwenda jipya mashine pepe ikiwa hai. Iwashe kwa QEMU ya zamani ukitaja aina ya bodi kwa namba yake, mfano -machine pc-q35-9.2. Kwenye monita ya QEMU andika stop, kisha migrate "exec:cat > /var/tmp/hali.bin", na ikimaliza quit. Hakikisha diski ina nafasi, faili hilo linaweza kukaribia ukubwa wa RAM ya mashine pepe. Halafu washa QEMU ya rc kwa amri ile ile, neno kwa neno, ukiongeza -incoming "exec:cat /var/tmp/hali.bin", na uandike cont. Ikiendelea pale ilipoishia, umefaulu. Ikitoa load of migration failed, soma mstari ulio juu yake, mara nyingi unataja kifaa kilichokataa. Kabla ya kuripoti hakikisha hukuandika q35 bila namba, maana rc itachagua bodi yake mpya na hali ya zamani haitaingia. Hilo ni kosa la aliyeandika amri.

Kuna malalamiko mengine matatu yanayorudi mara kwa mara na si hitilafu. La kwanza: mashine pepe ya Red Hat Enterprise Linux 10 inagoma kuwaka ikisema prosesa haina x86-64-v3. Toleo hilo linadai amri za AVX2, na R720 hazina. R730 zinazo, ila aina ya prosesa ambayo Proxmox VE 8 huipa mashine pepe usipochagua, x86-64-v2-AES, inazificha. Kwenye R730 chagua host, yaani prosesa ya seva kama ilivyo, itawaka, kwenye R720 hakuna dawa. La pili: mashine pepe iliyohama kutoka R730 kwenda R720 ikiwa na prosesa ya host inaanguka. Chanzo ni kile kile, imezoea amri ambazo huku hazipo. Seva zilizochanganyika zipewe aina ya prosesa inayotoshea ile kongwe. La tatu: Windows inatoa skrini ya bluu, INACCESSIBLE BOOT DEVICE, baada ya diski kubadilishwa kutoka SATA kwenda VirtIO, aina ya vifaa iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe. Draiva haimo. Ongeza kwanza diski ndogo ya pili ya VirtIO, GB 1, washa Windows, weka draiva za virtio-win, zima, ndipo uhamishe diski kuu.

Ripoti zinapelekwa GitLab, kwenye mradi wa QEMU. Kiingereza cha kawaida kinatosha, kwa sababu uzito uko kwenye vielelezo: amri kamili ya QEMU, namba ya toleo lililofaulu na lililoshindwa, kerneli ya seva, aina ya prosesa na namba ya mikrokodi kutoka /proc/cpuinfo, logi kama maandishi na si picha ya skrini, na idadi, kwa mfano "imeshindwa mara 7 kati ya 20". Mwenye muda aongeze git bisect, amri ya kusaka badiliko lililoleta hitilafu. Hata kama kati ya matoleo mawili kuna mabadiliko 2,000, kwa kugawa nusu kwa nusu hatua 11 zinakufikisha kwenye badiliko lenyewe, na kwa kuwa kila hatua ni kujenga na kujaribu, ni kazi ya siku moja. Ripoti yenye jibu la bisect hushughulikiwa upesi, maana inamwonyesha mtunzaji mstari wa kutazama.

Ukigundua njia ya mashine pepe kuvunja ukuta na kuigusa seva, usiiweke hadharani; mradi una anwani ya faragha ya mambo ya usalama. Hatari ya namna hiyo ni ya kweli. VENOM, iliyotangazwa Mei 2015, ilikuwa kwenye uigizaji wa diski za flopi, na ilikuwamo ndani ya QEMU tangu 2004.

Asiyetaka kujenga kutoka chanzo ana njia nyepesi. Proxmox wana hazina ya majaribio inayopata vifurushi kabla ya hazina nyingine. XCP-ng wana xcp-ng-testing, unayoiwasha kwa amri moja ya yum. Zote mbili ni za seva ya majaribio tu. Kuna mafundi wamewasha hazina ya majaribio kwenye seva ya mishahara ili "wapate vipya", na kwa hilo hatuna neno la kuwatetea.

Ombi letu kwa vyuo: wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaokaa wiki nane ofisini wakibadilisha wino wa printa wapewe seva moja iliyo stoo, nyaya mbili za umeme na mstari ule wa namba. Kwa wakuu wa vitengo: ruhusuni jioni mbili kwa kila toleo, na mruhusu ripoti ziende nje bila kupitia barua tano za kibali, mkiondoa kwanza majina ya ndani na anwani za mtandao wenu. Dirisha la toleo la Aprili hufunguka katikati ya Machi, la Agosti hufunguka Julai, na la Desemba Novemba. Memtest inataka usiku mmoja kabla ya hapo.

Wako,
Mafundi wa seva,
Morogoro